Tupeane uzoefu: baba wa Kihaiti, mlezi wa nyumba mbili

Mleta mada (Brooklyn)

Habari zenu, wanajukwaa. Wiki mbili zilizopita tulimzika baba mkwe wangu hapa New York, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitamani kumzungumzia kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye alijua neno moja tu, "karibu", nililomfundisha mimi. Naomba mlioishi na Wahaiti, mliofanya nao kazi au mliooa na kuolewa kwao mtusimulie juu ya akina baba wao.

Mzee aliondoka Haiti mwaka 1981, enzi za dikteta Jean-Claude Duvalier, akamwacha mkewe na watoto wawili Jacmel. Kwa miaka sita aliendesha teksi ya watu, akipeleka hesabu kwa mwenye gari kabla hajajua yeye mwenyewe atabaki na nini. Kilichobaki kiligawanywa kwa kodi ya chumba Flatbush, mtaa wa hapa Brooklyn, karo na matumizi ya Jacmel, na mchango wake wa sòl, ambao ni upatu wa Kihaiti unaochezwa kama tunavyoucheza sisi, ila mshika fedha kwao huitwa manman sòl, yaani mama wa upatu. Zamu yake ya kupokea ilipofika mwaka 1987, ndipo alipokata tiketi tatu za ndege.

Tulipokuwa tukipanga vitu vyake nilikuta kopo la biskuti lililojaa stakabadhi za fedha alizotuma, zimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka. Nyuma ya kila moja ameandika kwa penseli kazi ya fedha ile: viatu vya mkubwa, dawa ya mama, mabati. Nilidhani zitakoma mwaka 1987 familia ilipofika. Zinaendelea hadi mwaka huu, kwa sababu mama yake, dada zake na watoto wa dada zake walibaki kule, na kwake wote hao walikuwa nyumba yake.

Jambo jingine mume wangu hulisimulia kila mara. Mzee hakuruhusu mtoto akose shule hata kwa mafua, lakini tarehe 20 Aprili 1990 alimtoa darasani akiwa na miaka kumi na moja, akaacha pia kazi ya siku nzima, wakaungana na maelfu ya Wahaiti waliovuka daraja la Brooklyn kwa miguu. Serikali ya Marekani ilikuwa imewazuia Wahaiti kutoa damu kwa kisingizio cha UKIMWI. Katikati ya daraja alimshika mkono, akamwambia kwa Kikrioli kwamba damu ile imetoka kwa baba yake na haina doa. Mume wangu sasa ana watoto, na bado hawezi kulisimulia hilo bila kunyamaza kidogo.

Mzaliwa wa Lubumbashi

Pole sana, dada, na poleni wafiwa wote. Mimi niliwafahamu Wahaiti nikiwa Kongo, kabla sijakanyaga Amerika. Baada ya uhuru wa 1960 nchi yetu ilikuwa na wasomi wa chuo kikuu wachache mno, na kupitia Umoja wa Mataifa walikuja walimu, madaktari na wahandisi wa Kihaiti, watu weusi wanaozungumza Kifaransa, wengi wao wakimkimbia Duvalier baba, yaani François, baba yake Jean-Claude. Hata mtengeneza filamu Raoul Peck alilelewa Kinshasa kwa sababu baba yake, mtaalamu wa kilimo, alikuja kufanya kazi huko.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mmoja wao. Nyumba yao ilitazamana na yetu, na kila jioni aliwaketisha binti zake watatu barazani, kisha akatuita sisi watoto wa jirani tujaze benchi. Hakututoza chochote. Alitusahihishia madaftari baada ya yale ya binti zake, kwa kalamu ileile nyekundu, na kwa ukali uleule.

Muuguzi msaidizi (Boston)

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi nimepokezana zamu na baba mmoja wa Kihaiti kwa zaidi ya miaka kumi. Tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010 lilimkuta hapa, mkewe na wanawe wakiwa Port-au-Prince. Simu hazikupita. Aliendelea kuwaogesha na kuwalisha wazee huku simu ikiwa mfukoni, na siku ya nne mkewe alipopatikana, alikaa chini kwenye sakafu ya stoo ya mashuka, akawa anarudia tu majina ya watoto mmoja mmoja, akisubiri kila mmoja aitike.

Alipewa hifadhi ya muda waliyopewa Wahaiti waliokwisha kuwamo nchini. Ilimpa kibali cha kazi, lakini ilihuishwa kwa vipindi, mara nyingi miezi kumi na minane, na haikumpa haki ya kuwaita mke na watoto. Kwa hiyo amelea kwa simu. Shule nyingi za Haiti ni za kulipia, na yeye amesomesha watoto wote kwa zamu mbili kwa siku. Mapumziko ya saa kumi hatumgusi, kwa kuwa ndio wakati wa kumsikiliza kitinda mimba akisoma somo lake kwa sauti.

Mleta mada

Ahsanteni sana, nimesoma nikilia. Ndugu wa Lubumbashi, nimemsomea mume wangu habari za benchi lile.

Dada wa Boston, nina ombi. Kila tarehe mosi Januari, sikukuu ya uhuru wao wa 1804, mzee ndiye aliyepika supu ya boga, ile ambayo Wahaiti husimulia kuwa watumwa waliipika bila kuruhusiwa kuionja. Alianza saa tisa usiku, akasugua nyama kwa ndimu, na bakuli la kwanza alilipeleka kwa jirani. Mwaka huu nitapika mimi. Namba ya karafuu naijua, ni mbili, lakini hakuna nyumbani anayekumbuka kama alizitia pamoja na nyama au baada ya boga kusagwa. Naomba umuulize huyo baba, atakapomaliza kumsikiliza mtoto.