Naomba ushauri: takwimu za ujangili wa faru mtandaoni

Wakuu, naomba ushauri. Swali la wanafunzi wa kidato cha pili ni hili: je, ujangili wa faru unapungua? Wakitafuta mtandaoni wanakutana na faru 1,215 waliouawa na majangili, na mara nyingi imeandikwa kama idadi ya Afrika nzima. Hiyo ni Afrika Kusini peke yake, mwaka 2014. Nchi hiyohiyo ilipoteza faru 13 mwaka 2007, 394 mwaka 2020 na 499 mwaka 2023. Ukianzia 2014 unaona nafuu, ukianzia 2007 unaona msiba.

Darasani kwangu kila takwimu inaandikwa pamoja na nchi, mwaka, aina ya faru (mweusi au mweupe) na nani aliitangaza kwanza. Hapo mwisho ndipo pagumu: kurasa kumi zimenakiliana, mtoto anahesabu ushahidi kumi. Mnawafundishaje kufuata nyayo hadi taarifa ya wizara ya nchi husika yenyewe?

Halafu picha. Faru aliyepunguzwa pembe na daktari wa wanyama ili kumkinga husambazwa kama mhanga wa majangili. Daktari huacha kisiki bapa juu ya ngozi. Jangili huchimba mpaka kwenye nyama ya uso. Kuna dalili nyingine ya kuwaonyesha, bila kuwafungulia picha za mizoga?