Fundi kaniwekea mpira wa petroli kwenye kikombe cha breki, eti "hapo hakuna presha"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Wiki ya tatu hii pikipiki yangu imelala, tenki limebanduka rangi upande mmoja, na mimi mwenyewe nimeponea chupuchupu kwenye makutano. Chanzo ni kipande cha mpira wa kupitisha mafuta kisichozidi shubiri moja.

Ilianza hivi. Pikipiki ilianguka ikiwa imeegeshwa, ikalalia upande wa kulia. Kikombe cha mafuta ya breki ya mbele, kile cha plastiki kinachosimama pembeni ya masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani), kikapasuka shingoni. Masta silinda yenyewe haikuguswa. Kazi ilikuwa ndogo kabisa: kikombe kipya, mpira mpya, toa upepo, basi. Fundi akanishauri tukihamishe, tukifunge mbele karibu na taa, ili ikianguka tena kisiumie. Nikakubali, maana kukitenga kikombe na masta si jambo la ajabu, pikipiki nyingi zinatoka hivyo kiwandani. Sina ugomvi na kuhamisha. Ugomvi wangu ni jinsi alivyokihamisha.

Nilikuwepo wakati anakata mpira. Nikamuuliza kama huo ni wa breki kweli. Jibu lake, neno kwa neno: "Hapo hakuna presha bwana, presha iko kule chini kwenye kalipa. Hapa mafuta yanashuka yenyewe tu." Kalipa ni kile kibano cha gurudumuni kinachobana diski kwa pedi. Nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Maana alichosema ni kweli nusu. Kati ya kikombe na masta hakuna presha, mafuta yanashuka kwa uzito wake. Lakini mafuta ya breki si petroli. Madaraja ya mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yote yana asili ya glikoli, na mpira wa petroli haukutengenezwa kwa glikoli. Ukikaa nayo unavimba, unalainika, unaanza kumomonyoka kwa ndani. Mpira wa breki ni wa aina nyingine kabisa, na huo nao ukiutia petroli unaharibika. Haviingiliani, kwa upande wowote. Fundi anayeshika breki za watu kila siku anakosaje kujua hili?

Siku za mwanzo breki ilishika vizuri. Halafu nikaona unyevu kwenye kiungo cha mpira, mahali alipofunga kwa kamba ya plastiki badala ya klipu. Tone likawa linadondokea tenki. Asubuhi moja nikapangusa kwa kitambaa, rangi ikaja nayo, imelainika kama ngozi ya maziwa. Mafuta ya breki yanakula rangi. Yakimwagika unatakiwa umwagie maji mengi hapo hapo. Yeye alimaliza kazi akapangusa na tambara kavu, akaniachia.

Nikarudi kwake. Akaongeza mafuta kutoka kwenye chupa iliyokuwa wazi juu ya meza, haina kifuniko, sijui tangu lini. Wakuu, mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi, ila ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155. Yakichemka ndani ya kalipa unapata mvuke, na mvuke unabonyea, hausukumi pistoni. Juu ya vifuniko vingi vya vikombe hivi imeandikwa utumie mafuta ya kwenye chupa iliyofungwa. Maandishi yako mbele ya macho yake kila anapofungua skrubu mbili zile.

Siku mbili baadaye mkono wa breki ukaanza kulegea. Nikampigia, akasema nipampu kidogo utakaa sawa. Nimepampu. Ukakaa. Kesho yake nakaribia makutano, gari mbele limesimama, navuta mkono unakuja mpaka unagusa usukani, na pikipiki haina habari. Breki ya nyuma ndiyo iliyoniokoa, na upenyo mdogo kati ya lile gari na ukingo wa barabara. Nilipita hapo nimefumba mdomo, siwezi hata kupiga kelele.

Nyumbani nikafungua mwenyewe. Mpira nikaupasua kwa wembe kwa urefu. Ukuta wa ndani umevimba mpaka tundu limebaki karibu nusu, na nilipopitisha kidole kikatoka cheusi kinanata kama lami. Nje ya mpira huo huo maandishi meupe yanasomeka vizuri kabisa kwamba ni wa petroli. Hata hakujisumbua kuyageuzia ndani nisiyaone. Aliamini kweli kwamba haidhuru, na hilo linanitisha kuliko kama angekuwa ananidanganya.

Na yale makombo meusi hayakubaki kwenye mpira. Chini ya kikombe, ndani ya masta, kuna matundu mawili. Moja kubwa la kuingizia mafuta, na moja dogo sana, jembamba kama ncha ya pini. Hilo dogo ndilo linaloruhusu mafuta yarudi juu ukiachia mkono, na ndilo linalotoa nafasi mafuta yakipata moto na kutanuka. Likiziba, mafuta hayana pa kwenda, pedi zinaendelea kubana diski bila wewe kuvuta chochote. Langu lilikuwa limeziba. Ndiyo maana gurudumu la mbele lilikuwa zito kusukuma na diski ilikuwa ya moto hata nikitembea mwendo mfupi. Nilidhani ni pedi mpya. Kumbe breki yangu ilikuwa inajibana yenyewe njia nzima, inachemsha mafuta yaliyokwisha kunywa maji.

Bado hatujafika kwenye mahali alipokifunga. Kikombe kilikuwa chini ya usawa wa masta! Mpira unatoka kwenye kikombe, unashuka, unapinda, halafu unapanda kwenda masta. Sasa mafuta yanayotegemea uzito wake yatapandaje? Na upepo ulioingia utatokaje, wakati upepo siku zote unatafuta juu? Kikombe lazima kikae juu ya masta, na mpira upande moja kwa moja bila tumbo. Tena nikigeuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpira unajikunja unabanwa na kava ya taa. Kugeuza usukani pande zote mbili kabla ya kumkabidhi mteja ni kazi ya sekunde kumi.

Nilimrudishia kile kipande cha mpira nilichopasua. Akakitazama, akasema mafuta niliyoweka mimi ndiyo mabaya. Mafuta aliweka yeye, kutoka kwenye chupa yake! Halafu kijana wake akapendekeza niweke DOT 5 kwa kuwa namba ni kubwa zaidi. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizi nyingine. Ile inayopatana na DOT 4 ni 5.1. Nimeondoka hapo bila kuaga.

Nimeshanunua sili mpya za masta, zile raba za ndani zinazozuia mafuta yasipite, kwa sababu niligundua pia kwamba aliosha vipande vyote kwa petroli na sili zilikuwa zimevimba. Kitundu kidogo nimekisafisha kwa uzi mmoja wa waya laini na mafuta safi ya breki. Washa za shaba kwenye boliti ya mpira mkubwa nimeweka mpya. Kalipa nitaifungua kesho, maana sijui makombo yamefika wapi.

Kilichobaki ni mahali pa kukifunga kikombe. Usukani wangu ni mfupi na uko chini, kioo cha mbele kimeinama, nafasi ya juu ya masta ni ndogo mno. Mliowahi kuhamisha kwenye usukani wa aina hii, kishikizi mlikifunga kwenye boliti ipi? Ya kibano cha masta, au mlichonga kipya? Naomba picha, usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho pande zote mbili. Na kama wewe ni fundi na umewahi kumwambia mteja kwamba hapo hakuna presha, rudi ukamtafute leo, ufungue ule mpira uuangalie kwa ndani.