Laptopu ya dukani iliyokamilika au tupu ya kujijazia?

Kijana_wa_Ipagala: Wakuu, habari za jioni. Nataka laptopu mwezi huu. Binamu yangu anarudi kutoka Uingereza, anasema anaweza kuniletea tupu, yaani haina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), SSD (diski ya kuhifadhia) wala Windows, nijaze mwenyewe. Au nichukue mpya iliyokamilika hapa Dodoma mjini? Naombeni ushauri.

Fundi_Majengo: Mkuu, bajeti? Kazi gani? Tupu ya kampuni gani? Hujasema hata kimoja.

Betri_Mbili: Achana na zote, tafuta laptopu ya Lenovo, ThinkPad T480 ya mtumba. Ni ya 2018 lakini ina nafasi mbili za RAM na betri mbili, ya nje unaibadilisha bila kuzima mashine. Umeme ukikatika, mimi kazi inaendelea.

Fundi_Majengo: Mtumba anunue anayejua kukagua. Juzi nimefungua moja ya mteja wa Nkuhungu, vumbi jekundu limeganda kwenye feni kama udongo wa tembe. Nimelitoa kwa brashi ya rangi na kijiti, karibu saa nzima.

Betri_Mbili: Vumbi la Dodoma linaingia hata kwenye mpya, fundi. Hiyo si hoja.

Dada_Kisasa: Mdogo wangu, ngoja nikwambie yaliyonipata. Niliagiza tupu nje kupitia rafiki, nikajiona nimeokoa hela. RAM nikanunua Kariakoo, nikarudi nayo na basi. Kufungua mfuniko, haiingii! Mashine inataka RAM ya DDR5, mimi nimebeba ya kizazi cha nyuma, DDR4, kale kapengo ka katikati hakalingani. Muuzaji akakataa kubadilisha kwa sababu nilishapasua pakiti. Nikanunua nyingine. Baada ya mwezi kioo kikaanza mstari wa kijani upande wa kulia. Waranti ipo, ila niirudishe huko huko ilikotoka, nauli juu yangu. Mpaka leo natumia skrini ya nje, laptopu haitoki mezani. Niliumia sana.

Kijana_wa_Ipagala: Pole sana dada. Samahani wakuu, bajeti ni milioni mbili na nusu. Kazi ni ramani, kwa programu ya QGIS, na picha za droni. Tupu yenyewe ni Framework 13.

Fundi_Majengo: Ungeanza na hilo! Picha za droni zinakula RAM, usishuke chini ya GB 32. Framework naipenda kwa moyo wote: bisibisi inakuja nayo, na kioo, betri, hata bodi vinauzwa kimoja kimoja. Ila RAM zimepanda mno tangu mwishoni mwa 2025. Piga hesabu ya kujaza kabla binamu hajalipa.

Dada_Kisasa: Na kikiharibika kifaa, atakisubiri miezi mingapi?

Betri_Mbili: Ndiyo maana nasema T480. Vipuri vyake havisumbui.

Fundi_Majengo: Lenovo wenyewe wanasema RAM yake inaishia GB 32, na prosesa yake ya zamani itamchelewesha kuunganisha picha. Kijana, hiyo ya dukani ni modeli gani? Nyingi nyembamba RAM imechomelewa kwenye bodi, ukinunua GB 8 ndiyo hiyo mpaka inakufa.

Kijana_wa_Ipagala: Modeli sikuiangalia. Kesho nikitoka kazini kule Mji wa Serikali, Mtumba, nitapita dukani niipige picha kwa chini, penye jina la modeli. Binamu anasafiri Jumamosi.

Betri_Mbili: Muulize muuzaji pia kama chaja ni ya Type-C.