Tumelipa milioni 34 kwenda Disneyland Paris, mtoto kaishia kuliona geti. Mawakala wa safari wa hapa Dar, mnatuibia mchana kweupe

Wakuu, heshima kwenu.

Nimevumilia wiki tatu nikitegemea jambo hili litaisha kiungwana. Halikuisha. Jana nimeambiwa ofisini kwao, mbele ya mke wangu, kwamba kosa ni langu kwa sababu "mteja ana wajibu wa kusoma tiketi". Sasa naandika. Jina la ofisi silitaji kwa kuwa suala nimeshalifikisha kwa wahusika, ila wao wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi ni mtu wa Tabata, nina duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Hela ya safari hii hatukuiokota. Ni miaka mitatu ya kujibana: mchezo wangu na wafanyabiashara wenzangu, kikoba cha mke wangu, na kiwanja cha Chanika tulichokubaliana kisijengwe kwanza. Tuna watoto watatu. Kifungua mimba wa kike ana miaka 10, wa kati wa kiume ana 7, na kitinda mimba ni binti wa miaka 4.

Huyu wa mwisho ndiye aliyeanzisha yote. Aliona kwenye simu ya shangazi yake video ya joka lililofungwa mnyororo pangoni, chini ya kasri la Disneyland Paris, zile bustani za michezo za kule Ufaransa. Joka hilo lipo kweli, ni la mitambo, linafumbua macho, linanguruma, linatoa moshi. Tangu siku hiyo kila ndege ikipita juu ya nyumba yetu (wa Tabata mnajua zinavyopita) alikuwa anauliza, "Baba, ile inaenda kwa joka?" Mtoto wa miaka minne, mwaka mzima, swali moja.

Nikaenda kwa wakala. Kipeperushi chao kina picha ya kasri, fataki juu yake, na maneno: siku nzima Disneyland, bustani zote mbili, huduma ya VIP, usafiri binafsi. Dada aliyetuhudumia ni mchangamfu, akamwambia mwanangu wa kati, "Wewe utapanda kila kitu mpaka uchoke." Nikalipa awamu tatu, jumla milioni 34 kwa watu watano pamoja na ndege na hoteli. Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa karatasi yenye muhuri, nikaambiwa mashine ina tatizo la mtandao. Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka.

Kwa ambaye hajafika, nieleze kitu ambacho mimi sikuelezwa. Disneyland Paris haiko Paris mjini. Iko Marne-la-Vallée, kilomita kama 32 mashariki mwa jiji, na ina bustani mbili, kila moja na geti lake. Ya kwanza ni Disneyland Park, iliyofunguliwa Aprili 12, 1992. Kasri limo humo, na joka liko chini ya kasri. Ya pili ilifunguliwa mwaka 2002, na sisi tulipokwenda mwezi wa sita 2025 ilikuwa inaitwa Walt Disney Studios Park. Hiyo ilikuwa ya mambo ya sinema, kasri halikuwemo. Zipo tiketi za bustani moja kwa siku, na zipo za bustani mbili. Ukikata ya bustani moja ukaingia huku, kule huingii. Sisi tumezoea Kunduchi, ukishalipa getini umemaliza, mtoto anaogelea mpaka vidole vinakunjamana. Mambo ya bustani mbili ningeyajulia wapi? Ndiyo maana nilimlipa mtu ambaye kazi yake ni kuyajua.

Tiketi nilitumiwa WhatsApp usiku wa kuamkia siku yenyewe, saa sita, tukiwa tumeshalala hotelini. Ratiba yao, ambayo ninayo hadi leo ikiwa na nembo yao, inasema asubuhi tuanze Studios, mchana tuhamie kwenye kasri. Tukaifuata kama ilivyo.

Ule usafiri binafsi ulikuwa basi dogo lililopita hoteli tatu nyingine kuokota watu. Mlango wa bustani unafunguliwa saa tatu na nusu, sisi tumefika saa tano. Na hapa naomba mtu asiruke mstari huu: kutoka Châtelet, katikati ya Paris, unapanda treni ya RER A mpaka kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée–Chessy. Ni kama dakika 40, na ukitoka kituoni unayaona mageti. Mwaka huo wa 2025 tiketi ya safari hiyo ilikuwa euro 2.50. Kwa watu watano kwenda na kurudi, hata nikimhesabu kila mtoto kama mtu mzima, ilikuwa euro 25. Kwenye ankara yangu usafiri umeandikwa euro 375. Tena ukishuka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle kuna treni ya TGV ya moja kwa moja mpaka kituo hicho hicho kwa dakika kama 10. Hata hilo hatukuambiwa.

VIP nayo haikuwepo. Nilipomwonyesha mfanyakazi wa pale tiketi zetu na kumuuliza mlango wa VIP ni upi, aliziangalia mbele na nyuma, akaniambia kwa upole hizi ni tiketi za kawaida. Kuruka foleni kunalipiwa peke yake, kunaitwa Premier Access, unanunua mwenyewe kwenye programu ya simu ya Disneyland Paris, na bei inabadilika kulingana na siku. Programu hiyo ni ya bure na inaonyesha foleni ya kila mchezo ina dakika ngapi. Laiti tungeipakua tukiwa Dar tungepanga siku yetu vizuri. Wakala aliyepokea euro 50 kwa kila kichwa kwa ajili ya VIP hakuitaja hata kwa bahati mbaya. Tulisimama dakika 80 kwenye foleni ya mchezo wa Ratatouille, nimembeba mdogo begani, tukijua tumelipia kutosimama.

Kisha Flight Force, ile rola kosta ya Avengers. Wa kati alikuwa anaisubiri hiyo tu. Urefu unaotakiwa ni sentimeta 120, yeye ana 116. Mfanyakazi alimsogeza kwenye kipimo taratibu, mtoto akanyanyua visigino. Akaombwa ashushe. Akashusha. Akabaki ameshika kile kipimo kwa mkono mmoja, anakitazama alama ilipo na kichwa chake kilipoishia. Hakulia. Alikuja akanishika mkono, akanyamaza hivyo hivyo mpaka tulipokaa kula.

Simlaumu yule mfanyakazi. Kanuni ni ya usalama na urefu wa kila mchezo umeandikwa wazi kwenye tovuti yao. Kwenye bustani ile nyingine Big Thunder Mountain inataka sentimeta 102, angepanda bila tatizo lolote! Mtu anayejua kazi yake angetuambia, "Kaka, huyu wa kati mpelekeni kule kwanza." Hawa walinidai taarifa ya benki, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Urefu wa watoto hakuna aliyeuliza.

Saa nane na nusu tukahama kuelekea kwenye kasri. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mbele ya geti la Disneyland Park kuna hoteli kubwa ya rangi ya waridi, ina minara, inapendeza kweli, na geti liko chini yake. Kitinda mimba alipoiona aliniponyoka mkononi akakimbia huku anapiga kelele, "Kasri! Kasri lile!" Watu wakawa wanageuka wanacheka naye. Dada yake akamkimbilia akamwambia hapana, hiyo ni hoteli, kasri liko nyuma yake, tukiingia tu tutaliona.

Mashine ikakataa tiketi ya kwanza. Ikakataa ya pili. Yule mama wa getini akazijaribu zote tano kwa mkono wake, kisha akanieleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba ni za bustani moja na zimeshatumika asubuhi. Binti yangu mkubwa ndiye aliyechukua simu, akaikuza ile PDF, akanionyesha kwa kidole: siku 1, bustani 1. Maandishi madogo chini ya msimbo. Bei ya kukata upya papo hapo kwa watu watano ilizidi hela yote tuliyobakiwa nayo kwa siku tatu zilizokuwa mbele yetu. Mke wangu akasema nimpeleke mdogo peke yake. Nikawatazama wale wengine wawili, nikashindwa.

Sasa nenda kamweleze mtoto wa miaka minne kwamba joka liko pale, nyuma ya jengo lile, na hataliona. Nilimwambia limelala. Akauliza litaamka saa ngapi. Tukakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua mpaka saa kumi na mbili jioni, basi likaja.

Na hilo basi nalo! Kipeperushi kina picha ya fataki juu ya kasri. Onyesho hilo hufanyika giza likishaingia, bustani ikikaribia kufungwa. Mwezi wa sita jua la Paris linazama karibu saa nne usiku. Hata kama tungekuwa na tiketi za bustani mbili, basi linaloondoka saa kumi na mbili, jua likiwa bado kali, tungeziona fataki gani? Walioandika ratiba hii hawajawahi kufika. Wananunua kwa mtu, yule kanunua kwa mtu mwingine, na hakuna hata mmoja katika mnyororo wote aliyesoma anachouza.

Nilituma ujumbe pale pale getini. Tiki mbili za bluu, kimya. Jibu lilikuja siku ya tatu: "Pole kaka, mngeuliza kabla."

Tuliporudi ndipo nikaanza kupekua ankara mstari kwa mstari. Ada ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ufaransa, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa kuanzia miaka 6 hadi chini ya 12. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Kwetu ilipaswa kuwa 270. Wametuandikia 90 mara tano, 450. Gharama za kituo cha kupokea maombi wameziweka mstari mwingine, kwa hiyo wasiniambie ndizo hizo. Euro 180, zaidi ya laki 5, zimeliwa juu ya watoto, na mmoja wao hata hakutakiwa kulipa senti.

Mnaopanga safari za Desemba, tafadhali simameni kwanza. Huu mchezo hauko Paris tu. Walt Disney World ya Florida ina bustani nne, kila moja na geti lake. Tokyo zipo mbili. Neno "Disney" kwenye kipeperushi halikuambii utaingia wapi. Na kuna rafiki yangu wa Sinza ameambiwa na wakala mwingine kabisa kwamba kwenye safari ya Dubai watapitia "Disney ya Abu Dhabi". Wakuu, hiyo ilitangazwa Mei 2025 kwamba itajengwa kisiwa cha Yas. Kutangazwa. Haijafunguliwa. Kilichopo Yas ni Ferrari World, Warner Bros. World na SeaWorld, kila moja na tiketi yake, na Yas yenyewe iko Abu Dhabi, ukilala Dubai ujue una safari ya barabarani ya zaidi ya saa nzima. Mwambieni wakala aandike kwa maandishi jina la bustani, tarehe, na kama ni moja au zaidi, kisha awape tiketi mkononi kabla hamjalipa awamu ya mwisho. Akisema zitakuja mkishafika, ondokeni.

Mimi ninachodai si huruma. Nataka tofauti ya tiketi, hela ya VIP, hela ya usafiri binafsi ambao haukuwa binafsi, na euro 180 za viza. Nataka na risiti ya EFD. Barua nimeipeleka FCC, Tume ya Ushindani, nikaambatanisha kipeperushi, ratiba, ankara na picha za WhatsApp. Kwenye lile basi tulikuwa na familia mbili nyingine za Kitanzania, mmoja baba wa Mbezi Beach alikuwa na mapacha. Kaka, kama unasoma hapa, njoo PM. Ratiba yako ilikuwa sawa na yangu neno kwa neno, nakumbuka tulizilinganisha garini. Tukienda wawili au watatu hawataweza kutuambia hatukusoma.

Mtoto ameacha kuuliza habari za ndege.

NYONGEZA, saa 2:40 usiku: Wamenipigia sasa hivi. Wanasema nifute uzi kwanza ndipo tukae tuzungumze marejesho. Nimewajibu walete maandishi yenye kiasi na tarehe. Uzi siufuti.