Kundi la simu la ukoo wa Bombo, Uganda: Mgombea wetu yuko wapi?

Shangazi: Salam aleykum. Sheria inasema kampeni mwisho saa kumi na mbili, sasa ni saa mbili usiku. Mtoto yuko wapi?

Binamu Boda: Asubuhi nilimshusha mji wa Ngoma. Ukipita hapo mtandao unakufa.

Mjomba: Nilisema tukodi gari la spika! Mtu anazunguka wilaya nzima ya Nakaseke kwa boda kama muuza maandazi.

Mgombea Wetu: Wa aleykum salam. Niko juu ya kichuguu, hapa ndipo simu inashika. Mjomba, spika tulijaribu juzi. Ng'ombe walikuwa bwawani, kusikia tu wakatimka na kiu yao. Mwenyewe akatutoa mbio na fimbo. Kura za boma lile tusahau.

Shangazi: 😂😂 Subhanallah

Mgombea Wetu: Mchana nyumbani utakuta akina mama na ndama. Wachungaji wakirudi kukamua, saa kumi na mbili imeshanifunga mdomo. Sasa asubuhi nasimama penye tangi la kupozea maziwa, wanapoleta makopo. Saa sita nahamia bwawani. Ng'ombe akinywa, mwenyewe anakusikiliza.

Mjomba: Wanataka barabara?

Mgombea Wetu: Barabara wapi! Kupe. Wananyunyiza dawa, kupe wanatembea tu. Halafu karantini ya ugonjwa wa ng'ombe, ule wa miguu na midomo: mnada ukifungwa, karo ya Februari itoke wapi? Mzee mmoja kanikatiza, "Chanjo nimeahidiwa na wengi. Wewe mnada ukifungwa utakuwa wapi?" Sikuwa na jibu la haraka.

Binamu Boda: Wanaodai sabuni na sukari ndipo wakupe kura je?

Mgombea Wetu: Wapo. Nawaambia hiyo ni hongo, wengine wanaondoka.

Mama: Umekula?

Mgombea Wetu: Maziwa, Mama. Nyumba nane, maziwa nyumba nane. Hawa wafugaji ni Wahima; utakataaje maziwa ya Mhima halafu umwombe kura?

Mgombea Wetu: Ninachoogopa ni siku ya kura, Januari. Kiangazi kikikaza watasogeza ng'ombe kuelekea mto Kafu, na kura mtu anapiga pale tu alipojiandikisha. Kituo kinafungwa saa kumi. Mifugo amwachie nani?

Mjomba: Wapokezane, ndugu kwa ndugu. Lakini hilo wapangiwe mapema. Basi, spika naghairi. Pesa hiyo ni petroli, mfuateni kila mtu mpaka huko Kafu.

Mgombea Wetu: Ahsante Mjomba. Tuma kesho saa moja asubuhi, nitakuwa hapa hapa.

Mama: Hicho kichuguu hakina nyoka?

Mama: Mwanangu?

Binamu Boda: Chaji imeisha, Mama. Alikuwa na asilimia tatu.