Watoto wa Kambini

Kaka Mkubwa: Jamani, redio ya Nebbi wanataka tangazo kabla ya saa kumi. Wanatoza kwa neno. Nimeandika: "Familia inatangaza kwa huzuni kifo cha baba yetu, mpiga gitaa la besi wa Kampala. Mazishi Jumamosi saa nane mchana, nyumbani." Iko sawa?

Shangazi Pakwach: Besi gani? Mdogo wangu alikuwa mtu wa adungu, kinubi chetu. Badilisha hapo.

Baba Mkubwa Jinja: Tarumbeta. Mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja kambi ya jeshi Jinja. Alijifunza kwa wale wa bendi ya jeshi, akawa anaamsha laini nzima ya nyumba kabla ya askari wenyewe hawajaamka. Baba alichapwa maneno na sajini kwa ajili yake.

Binamu Arua: Parokiani kwetu wanamjua kwa kinanda tu. Ukisema besi watauliza ni nani amekufa.

Dada Mdogo: Nyumbani alikuwa anapiga sufuria 😭😭

Kaka Mkubwa: Wazee wangu, maneno yanahesabiwa. Chagueni moja.

Shangazi Pakwach: Uchague nini wakati yote yametoka kwa adungu? Baba yetu alikuwa nazo tatu, alizibeba mpaka Jinja. Ndogo, ya kati, na ile kubwa ya kukalia chini, ukubwa wa mtumbwi. Sisi wote tulikimbilia ndogo kwa sababu ndiyo inayoimba. Yeye akaenda kwa kubwa, hata nyuzi za mwisho mkono haufiki. Nikamcheka, nikamwambia hiyo mbona haisikiki. Akasema, haya, naacha. Akaacha. Wimbo ukaanguka hapo hapo, tukabaki tunaangaliana.

Binamu Arua: 😂😂 huyo ni yeye kabisa

Mpiga Drums: Habari za msiba, familia. Samahani kuingilia, mimi ndiye mliyeniongeza kwenye grupu jana. Nilikaa nyuma yake studio tangu enzi za kanda mpaka kompyuta ilipotuondoa. Shemeji, pole tena.

Mama: Asante shemeji. Karibu. Sema tu.

Mpiga Drums: Hao vijana hawajui ilivyokuwa. Mwimbaji anakuja asubuhi hana noti wala karatasi, anaguna tu, mmm mmm, basi wewe utafute wimbo uko wapi. Halafu mnapiga wote kwa mara moja. Mmoja akikosea dakika ya nne, kanda inarudishwa, wote mnaanza upya. Mzee alikuwa hakosei. Akikosea, anakosea tena makusudi mara ya pili ili ionekane ndivyo wimbo ulivyo.

Mpiga Drums: Kuna siku wa kinanda hakuja, na wa tarumbeta alikuja amelewa. Mzee akapiga besi na sisi, kisha akasema rudisha kanda, akaweka kinanda. Rudisha tena, akaweka tarumbeta. Jioni mwenye kazi akamlipa ya mtu mmoja. Eti nimemwita mtu mmoja.

Mama: Siku hiyo nakumbuka. Alirudi na sukari kilo moja na hasira.

Dada Mdogo: Nimepekua kanda zake chini ya kitanda, zipo 31. Kava zote ni sura ya mwimbaji. Jina la baba liko kwenye mbili, na moja wamelikosea.

Binamu Arua: Sasa utajuaje yuko kwenye zipi?

Dada Mdogo: Anajulikana. Kabla ya kiitikio anashuka na uzi mmoja kutoka juu mpaka chini, halafu ananyamaza pigo moja. Hata ile ya kadongo kamu, ule muziki wa Kiganda, jina lenyewe maana yake gitaa moja dogo, lakini sikiliza kwa chini, yupo.

Mpiga Drums: Kweli, binti yangu. Lile pigo aliniachia mimi.

Baba Mkubwa Jinja: Hiyo alitoka nayo Zaire. 1979 Amin alipoanguka, sisi wa West Nile, kwao Amin, tulikimbia, wengine Sudan, sisi tukaangukia Ariwara huko Zaire. Yeye hakuwa na chombo, tarumbeta ilibaki Jinja. Akawa anabeba maji kwenye baa ya Wakongo ili wamruhusu kushika gitaa mchana, kabla wateja hawajaja. Tuliporudi 1986 alikuwa na Kilingala na vidole vipya.

Shangazi Pakwach: Na deni la baa.

Baba Mkubwa Jinja: Deni nililipa mimi.

Binamu Arua: Swali langu tu, hakuna pesa mama anaweza kudai? Sheria ya hakimiliki ya 2006 inamtambua hata mpiga chombo, si mtunzi peke yake. Wanaita hakishiriki.

Mpiga Drums: Mwanangu, sisi tulisaini vocha ya nauli. Vocha zenyewe alibaki nazo aliyelipa. Na hiyo sheria ilipokuja, kiti chetu ameshakaa kijana na kibodi moja.

Mama: Hayo baada ya mazishi. Leo nataka kujua nani ananunua unga wa posho.

Binamu Arua: Posho na maharage niachieni mimi. Samaki wa angara tutapata Pakwach, shangazi yupo.

Kaka Mkubwa: Saa kumi kasoro tano. Nimetuma. Nimeandika "mpiga vyombo", maneno mawili, kila mtu ameingia.

Shangazi Pakwach: Ungesema adungu.

Binamu Arua: Imesomwa sasa hivi! Lakini jirani hapa ananiuliza, huyo mpiga vyombo wa Kampala alikuwa anaosha sahani hoteli gani 😂

Dada Mdogo: 😂😂😂 baba angecheka mpaka akohoe

Mama: Hajakosea sana. Hapa nyumbani aliviosha, na alivipiga.

Shangazi Pakwach: Adungu kubwa ya baba bado iko hapa nyuma ya ghala. Mbao ni nzima, ila panya wamekula ngozi. Itapigwa Jumamosi au haitapigwa?

Mpiga Drums: Ngozi ninayo, dada. Nipimie upana leo, kesho napanda basi la alfajiri.