Dodoso linauliza najisikiaje. Mbona haliulizi nakosa nini?

Binti_Muheza:
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Nilipata kibarua cha kukusanya takwimu huku Tanga. Kishkwambi, fulana, begi, posho ya siku. Dodoso la ustawi wa kaya, na ndani yake yamo yale maswali tisa ya kupima sonona ambayo sisi tuliopita kliniki ya afya ya akili tunayajua kama sala: katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kukosa hamu, kukosa usingizi, kujiona hufai... Majibu ni manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Sifuri mpaka tatu, jumla haizidi 27. Halafu inakuja ngazi: fikiria ngazi yenye vidato 0 hadi 10, cha juu kabisa ndiyo maisha bora kwako, umesimama cha ngapi?

Nyumba ya pili siku ile nilimkuta mama mmoja amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Shikamoo, marahaba, karibu. Nikamsomea. Kufika "zaidi ya nusu ya siku" akasimamisha mkono. "Asubuhi mimi mzima, mwanangu. Mawazo yanaanza alasiri mpaka usiku. Hiyo si zaidi ya nusu ya siku?" Nikamweleza kwamba ni nusu ya zile siku kumi na nne. Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. Kwenye ngazi ndiyo kabisa: "Kidato? Mimi niliishia la saba."

Hayo tuyaite makosa ya tafsiri. Lililonikaa ni alichosema baadaye, nikiwa nafunga begi. Ana kijana ndani, anachomwa sindano ya ugonjwa wa akili kila mwezi, na sindano imekatika. Wamefuata mara mbili, mara mbili wamerudi mikono mitupu, nauli ya bodaboda imekwenda. Kijana ameanza tena kutembea usiku. Nikafungua kishkwambi nitafute pa kuyaandika. Pako pamoja tu, "maoni mengine", nikaandika mpaka kikakataa herufi. Jioni msimamizi akaniambia pale nipaache wazi, hapasomwi.

Na mimi mwenyewe nina sonona tangu 2019. Mara ya kwanza nilipata 19, baada ya miezi ya vidonge nikapata 9, daktari akafurahi sana. Ila swali la usingizi limeunganisha mambo mawili, kukosa usingizi AU kulala kupita kiasi. Mwanzo niliandika 3 kwa kukesha, baadaye nikaandika 3 kwa sababu vidonge vilinilaza mpaka saa nne asubuhi. Wateja wangu wa chapati wanapita saa kumi na mbili. Alama zimeshuka na mtaji umekufa. Hakuna aliyeniuliza biashara.

Sasa naulizeni, haya maswali yanafika kwenye tunachohitaji kweli, au wanatupima tu?

Nesi_wa_Zamu:
Pole dada. Nipo kwenye kazi hii miaka 14, ngoja nilitetee kidogo. Yale tisa ni chujio. Ukifika 10 tunakaa na wewe tukuangalie vizuri, basi. Ni kama ile tepu ya mkono wa mtoto: ikigonga nyekundu unajua mtoto hali sawasawa, lakini tepu haijui nyumbani kuna unga au hakuna. Nimeona akina mama wa kliniki ya wajawazito ambao wasingefungua mdomo kamwe, swali la nne tu machozi hayo. Bila karatasi ile wangepimwa presha wakaenda zao.

Kosa naliona pale wanapochukua chujio la kliniki na kulitembeza mitaani, kisha wanaandika ripoti kana kwamba wameuliza mahitaji. Na swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru: mtu akijibu chochote zaidi ya sifuri unaacha yote, unazungumza naye, humwachi peke yake. Mlifundishwa hilo?

Mkaa_Likoni:
Hapo kwa swali la tisa ndipo uongo unapoanza. Huku kwetu Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungu 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kinakwenda kinyume na katiba. Kanuni ya Adhabu yenu Tanzania ina kifungu cha 217. Kufikiria si kujaribu, najua, lakini nani anamweleza hayo mtu mgeni mwenye fulana ya mradi, jirani wakitega masikio?

Mimi nilijibu "hapana kabisa" huku kakangu amekaa kitanda hicho hicho. Basi mahali fulani kuna takwimu inayosema niko sawa.

Mwana_wa_Mkunazini:
Zimbabwe walianzia upande mwingine. Maswali yao 14 yalitoka kwenye maneno ya wagonjwa wenyewe, na la kwanza linauliza habari ya kufikiri sana. Kishona wanaita kufungisisa. Sisi husemaje? "Ana mawazo." Ni kitu kile kile.

Na hawaishii kwenye alama. Dk. Dixon Chibanda alianza 2006 pale Mbare, Harare, na mabibi 14, wakakaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Ukishajibu, bibi anakuuliza shida zako zote, unachagua moja, mnaitafutia njia, wiki ijayo unarudi kusema imekuwaje. Utafiti wao wa watu 573 ulichapishwa 2016, na waliokaa benchini walipata nafuu zaidi ya wenzao. Utaratibu huo umefika hadi hapa Unguja. Kwa bibi, biashara ya chapati ingeulizwa siku ya kwanza.

Mzee_Takwimu:
Mnaongea raha. Madodoso elfu mbili, ofisini watu watatu. Hayo maoni nani ayasome?

Binti_Muheza:
Mzee, kama hamna wa kuyasoma msiweke kisanduku. Au wekeni swali moja la kuchagua: dawa imekatika, nauli, mtu wa kukaa na mgonjwa, kazi. Hilo mashine inahesabu kama yale mengine.

Nesi, tulifundishwa nusu siku. Tulipewa namba ya simu ya kumsomea mtu. Niliijaribu mwenyewe usiku mmoja, inaita tu.

Mkaa wa Likoni, nimekusoma mara mbili. Uko salama sasa?

Jumamosi nilirudi kwa yule mama bila kishkwambi. Nimepiga simu hospitali ya wilaya, sindano imeingia. Jumatatu nampeleka kijana, maana kwenye pikipiki anataka mtu wa kumshika nyuma. Nesi, mtu aliyekosa miezi miwili anaendelea au anaanza upya?

Mkaa_Likoni:
Niko salama. Ahsante kwa kuuliza. Kakangu anajua sasa.

Nesi_wa_Zamu:
Ataamua daktari, usikubali achomwe kabla hajaonwa. Beba kadi yake ya kliniki, tarehe ya mwisho imeandikwa humo. Na wahini, foleni ya Jumatatu naijua.